Kifauwongo na Kopo la Chumvi

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijavaa sare za shule, mimi huchambua maharage. Mama yangu, Violeth, ni mama lishe katika Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Wateja wake ni wapagazi wa mikokoteni, watu ambao njaa yao haina adabu hata kidogo. Mama hubandika sufuria, mimi hutoa mawe, na redio ya jirani hutuimbia sote bila malipo. Jina langu ni Hyasinta, niko darasa la sita, na kwa kuchambua maharage sina mpinzani. Kwa kusema ukweli, kama mtakavyoona, wapinzani ninao.

Rafiki yangu Bhoomi anaishi kwenye ghorofa lililo jirani na nyumba yetu. Baba yake, Mzee Natvarlal, ana duka la vifaa vya umeme hapo chini. Maonesho ya sayansi ya shule yetu yalipotangazwa, mimi na Bhoomi tulichagua kuonesha umeme wa kifauwongo.

Kifauwongo bila shaka mnakijua. Ni kile kimmea chenye majani madogo madogo na miiba, ambacho ukikigusa tu kinakunja majani na kulala kama maiti. Ukiondoka, kinaamka. Tulikichimba kando ya bonde la Jangwani, tukakipanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, tukakiweka kwenye dirisha la duka la Mzee Natvarlal.

"Kwani ni nani anayekiambia kilale?" nilimuuliza Mwalimu Badria, mwalimu wetu wa sayansi.

Mwalimu alicheka, akachora ubaoni vyumba vingi vidogo vilivyopangana.

"Hizi ni seli," alisema. "Kila seli imezungukwa na utando mwembamba, na utando huo una milango midogo sana. Ndani na nje ya seli kuna chembe zenye chaji ya umeme, zinaitwa ayoni. Ukigusa jani, milango inafunguka na ayoni zinapita kwa kasi. Chaji ya seli inabadilika, jirani yake anashtuka na kufungua milango yake, na jirani wa jirani hivyo hivyo. Basi taarifa ya umeme inasafiri mpaka kwenye kifundo cha jani. Pale ayoni zinatoka nje ya seli, na maji yanazifuata. Kifundo kinalegea, jani linalala."

"Na linaamkaje?" Bhoomi aliuliza.

"Seli zinazirudisha ayoni ndani, na maji yanarudi nazo. Lakini hiyo ni kazi ngumu inayohitaji nguvu, kama kusukuma mkokoteni kupanda mlima. Ndiyo maana kulala ni mara moja, na kuamka ni dakika nyingi."

"Hizo ayoni zinatoka wapi?"

"Kwenye chumvichumvi za udongo," alijibu Mwalimu.

Chumvi! Neno hilo lilinikaa kichwani.

Mzee Natvarlal alituazima mita ndogo ya kupimia umeme. "Msiiangushe," alituonya, kisha yeye mwenyewe akatusaidia kuzungushia waya mwembamba kwenye shina na kuchomeka mwingine kwenye udongo. Bhoomi aligusa jani. Likalala, na namba kwenye mita zikasogea. Tulirukaruka mpaka wateja wakageuka kututazama. Lakini moyoni nilinuna kidogo. Namba zilisogea kidogo mno! Mimi nilitaka ziruke, watu kwenye maonesho washike vichwa.

Jumatano jioni, zikiwa zimebaki siku tatu, Bhoomi alikwenda hekaluni na bibi yake. Mimi nikapiga hesabu zangu za kijuaji: kama ayoni zinatoka kwenye chumvi, basi chumvi nyingi, umeme mwingi. Nilichukua kopo la chumvi la Mama, nikakoroga vijiko vitatu vilivyobaki kwenye kikombe cha maji, nikakinywesha kifauwongo. Kisha nikaona kopo limebaki tupu. Mama angeuliza. Nikalijaza sukari.

Msinicheke. Wakati ule niliona nimefanya jambo la akili sana.

Alhamisi asubuhi kifauwongo kilikuwa kimelala chote, na hakuna aliyekuwa amekigusa. Mzee Natvarlal hakujali. "Si kinajifanya tu? Ndiyo kazi yake," alisema. Tulingoja mpaka tukakaribia kuchelewa shule. Hakikuamka.

"Ni mimi," Bhoomi alisema, machozi yakimlengalenga. "Jana ilikuwa zamu yangu kukimwagilia, nikasahau. Nimekiua, Hyasinta."

Nilibeba mkoba wangu wa shule. Nikamwambia twende, tutachelewa.

Shuleni Bhoomi alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Badria na kueleza kwamba alisahau zamu yake. Mwalimu alisikitika. "Nilikuwa nimekuchagua wewe uwe msemaji," alimwambia. "Sasa atasema Hyasinta. Wewe utashika mita. Siku nyingine ukumbuke wajibu wako." Bhoomi aliitikia, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ndogo kabisa. Niliona aibu iliyonifanya nishindwe kula hata kiazi changu cha mapumziko.

Tuliporudi alasiri, tulisikia kelele tangu kona ya mtaa. Wapagazi walikuwa wamemzunguka Mama, na sufuria la maharage lilikuwa bado limejaa. Mpagazi mmoja mrefu aitwaye Fikirini, anayependa utani kuliko wali, alikuwa ameinua kijiko juu.

"Mama Hyasinta, leo umetupikia mboga au keki? Nani ana bethidei?"

Wote waliangua kicheko isipokuwa Mama. Alikuwa na mafua tangu juzi, ulimi wake hauonji kitu, hivyo alikuwa amepakua bila kujua. Sasa alikuwa ameshika kopo.

"Hii ni sukari," alisema polepole. "Nani kaitia humu? Na chumvi yangu imekwenda wapi?"

Bhoomi alinitazama. Kisha akatembea hadi dirishani kwa baba yake. Juu ya udongo mkavu wa ndoo yetu kulikuwa na weupe kama wa majivu. Aliukwangua kwa ukucha, akaugusisha ulimini, akatema.

"Chumvi yako iko hapa, mama," alisema.

Niliwavuta Mama na Bhoomi kando, mbali na wapagazi, nikawaeleza yote, nikilia. Mama alishika kiuno. Nilidhani atanichapa na mwiko. "Wewe mtoto," alisema, "umekinywesha mmea chumvi, wapagazi ukawalisha sukari, na mwenzako ukamlisha uongo. Hapo kwa mwenzako ndipo ulipokosea zaidi." Kisha akanikabidhi ndoo ya maji. "Haya, kausafishe udongo huo. Na sufuria hilo utalisugua wewe."

Mimi na Bhoomi tulimwaga maji safi kwenye udongo, yakachuruzika chini, tukamwaga tena na tena. Mwishowe tulisuuza mizizi na kukipanda upya kwenye udongo mwingine. Tulipomaliza, Bhoomi alijifuta matope mikononi.

"Mwalimu utamwambia wewe," alisema. "Mimi sisemi."

Niliahidi. Lakini Ijumaa Mwalimu alikuwa na shughuli nyingi, alikuwa anapanga meza, alikuwa anaongea na wageni. Nilijipa sababu sita. Mwoga hakosi sababu.

Jumamosi asubuhi tuliona ajabu. Matawi matatu ya kifauwongo yalikuwa yamekauka, lakini moja lilikuwa limefunguka, kijani kabisa! Tulikipeleka shuleni kwa mwendo wa taratibu, kama tumebeba mtoto mchanga. Watu walijaa mezani petu. Nilieleza habari za utando, milango na ayoni, Bhoomi akishika mita. Mtoto wa darasa la kwanza aligusa jani, likalala, namba zikasogea, naye akapiga kelele ya furaha.

Fikirini alikuja pamoja na Mama na wapagazi wenzake, amevaa shati lililopigwa pasi. Akainama, akakitazama kifauwongo chetu.

"Mbona limebaki tawi moja tu? Haya mengine yamepatwa na nini?"

Mwalimu Badria alinijibia kwa upole. "Ni bahati mbaya tu. Bhoomi alisahau kukimwagilia siku moja."

Bhoomi aliinamisha kichwa. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, sitasema tena maisha yangu yote.

"Hapana, Mwalimu," nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Siku moja bila maji isingekidhuru. Nilikitia chumvi mimi. Nilitaka umeme uwe mwingi. Bhoomi hana kosa lolote. Alisingiziwa na ukimya wangu."

"Kumbe ile keki...!" alianza Fikirini, na watu waliokula yale maharage wakaangua kicheko. Mwalimu Badria hakucheka. Alimgeukia Bhoomi kwanza.

"Bhoomi, nisamehe. Nilikunyang'anya nafasi yako bila kuuliza vizuri. Njoo mbele, uwaeleze wageni kwa nini chumvi nyingi iliudhuru mmea."

Bhoomi alinipa mita, akasimama wima. "Maji hufuata chumvi," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. "Chumvi ikizidi kwenye udongo, maji hayaingii kwenye mizizi. Hata yaliyomo ndani hutoka nje. Mmea unakuwa na kiu huku umesimama kwenye maji." Walimpigia makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Hatukupata nafasi ya kwanza. Tulipata ya tatu, na mpaka leo naona inatutosha.

Wageni walipopungua, Mwalimu alituita. Alinyoosha kidole, akaligusa lile tawi moja lililobaki. Likalala papo hapo.

"Tumekipa jina la uongo bure," alisema. "Hiki hakina mdomo, lakini kikiguswa hapa, habari inafika kule mwisho mara moja. Jumatano jioni kiliumia, na kesho yake asubuhi kikaonesha kwamba kimeumia. Wewe, Hyasinta, una mdomo, na ukweli wako umechukua siku tatu kufika. Kukosea katika sayansi si aibu, sote hukosea na kujifunza. Lakini kosa lako ukilificha, kuna mwenzako atalibeba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Bhoomi aliniegemea begani. Tukasimama hapo sote watatu, tukalingojea jani. Baada ya kitambo likaanza kufunguka, polepole, likisukuma mkokoteni wake kupanda mlima.