Moja ni Ukuta, Sifuri ni Njia

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi simu anayejitengenezea michezo ya kompyuta kwa kujifurahisha. Mchana mmoja alipiga picha stoo yake isiyo na dirisha, humohumo anamofanyia kazi, akaigeuza kuwa namba ili kikaragosi wake atembee ndani: moja ni ukuta, sifuri ni njia. Mlango ulikuwa na rangi ileile ya ukuta, basi programu ikaandika moja pande zote.

Akacheka. "Nimemfungia, maskini!"

Papo hapo umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo mpaka ikanyamaza, na mwanga wa laptop ukaishia mezani. Akainuka kuutafuta mlango. Akapapasa ukuta, kona, ukuta, kona, mpaka akajigonga kwenye kiti chake mwenyewe. Kitasa hakuna.

"Mama watoto!"

"Nipo!" Sauti ya mkewe ilikuja kwa mbali, kama imezibwa na matofali. "Wewe, mlango uko wapi?"

Jasho likamtoka. Akarudi mezani, akafuta moja kadhaa, akaweka sifuri, akahifadhi. Nyuma yake kitasa kikazungushwa.

Mkewe aliingia na tochi, akasimama kuimulika swichi ya taa. Rafiki yangu alikuwa ameziweka sifuri safu moja kando ya pale mlango ulipokuwa mwanzo.

Mchezo ule hajathubutu kuufuta. Na swichi nimeiona kwa macho yangu: nusu yake imezama ndani ya fremu ya mlango, na ukutani hakuna ufa, wala rangi iliyobanduka.