Mnanaa wa Mtaroni

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Bwana Barafu alipopenya pengo la ukuta kwenda kuomba mnanaa kwa jirani.

Jina hilo alipewa na wateja wa baa ya hoteli, na alilistahili. Mikono yake ilikuwa na kitu. Ungeingia umepania kumvunja mtu taya, akakuchanganyia kinywaji kimoja tu, ukatoka unamtafuta mtu huyohuyo umkumbatie. Mwenyewe alisema hakuna mchanganyaji kama yeye kuanzia hapo mpaka jua linakochomoza, na waliobisha walikuwa wachache, tena wanywa maji.

Nyumbani mikono hiyo haikumsaidia kitu. Miezi miwili nyuma alirudi kutoka kazini akiwa ameonja kupita kiasi, akafunga mlango kwa ndani, ufunguo akauacha kwenye kitasa, akalala kama gogo. Mkewe, muuguzi, akatoka zamu ya jioni, akagonga mpaka kukapambazuka. Hakugomba. Alifungasha nguo ahamie kwa dada yake, na alipofika kizingitini akageuka.

"Siku nikigonga tena usiponifungulia," alisema, "mimi na wewe basi. Hata msibani usinijue."

Sasa, baada ya kubembelezwa kwa simu arobaini, alikuwa amekubali kuja jioni hiyo na dada yake, wakae waongee. Bwana Barafu alijua ataanzia wapi: kile kinywaji cha ramu na mnanaa alichomtengenezea siku walipojuana. Ramu ilikuwepo. Ndimu zilikuwepo. Mnanaa wa dirishani ulikuwa umekauka tangu aliyekuwa akiumwagilia aondoke.

Bibi Cherehani, fundi nguo wa nyumba ya pili, alikuwa barazani anashona, pini zimejaa mdomoni. Akaelekeza kwa kidevu kwenye mtaro uliopita chini ya ukuta.

"Chuma unaoutaka," akasema bila kusimamisha mguu. "Mimi siuli."

Mnanaa ule ulikuwa umestawi kupita kiasi. Majani mapana kama masikio, na baridi. Mtaro ulikuwa mkavu kwa miezi kadhaa, lakini shina alipolikata lilidondosha maji. Bwana Barafu akalisukasuka, akasema moyoni kwamba leo mwanamke atarudi na mabegi yake yote.

Jikoni akapanga glasi tatu ndefu. Kinywaji hiki kinataka adabu. Vipande vya ndimu na sukari unaviponda kwa mchi mpaka ndimu ilie. Mnanaa haupondwi, maana ukiutwanga kama unasaga dawa unakutolea uchungu wote. Jani unalilaza kiganjani, unalipiga kofi moja kwa kiganja cha pili, harufu inatoka. Wenye kazi yao huita kuamsha. Glasi moja, kofi moja.

Pa. Ya mkewe.

Pa. Ya shemeji yake.

Pa. Ya kwake.

...Pa.

Hilo la nne halikutoka mikononi mwake. Lilitoka nje, kule mtaroni.

Akadhani ni mgeni anapiga kofi badala ya hodi. Alikuwa ameshaanza kumimina ramu, na ramu hakuipima kwa kikombe, aliipima kwa jicho. Nyuma yake mlango wa uani ukalia. Nyayo zikaingia, nyepesi, zikiacha mlio wa maji sakafuni. Chwa... chwa... chwa...

Baa ina mafunzo yake. Ukiwa unamimina huinui macho, lakini mgeni naye haachwi amesimama bila neno. Basi unakaribisha kwanza, sura utaiona baadaye. Kwa miaka kumi na tisa mdomo wa Bwana Barafu ulikuwa umezoea kuifanya kazi hiyo peke yake.

"Karibu, mke wangu," akasema, macho kwenye ramu. "Karibu ndani. Hapa ni kwako."

"Ahsante," ikajibu sauti ya chini. "Nilidhani hamtasema kamwe."

Harufu ilimfikia kwanza. Mnanaa... na chini ya mnanaa, tope la siku nyingi.

Akainua macho.

Mwanamke alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mkewe, amekunja miguu vilevile kama mkewe. Nguo zilimchuruzika maji. Alipoweka mikono mezani, vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka mpaka mfupa unaonekana.

Akavuta glasi moja, ya Bwana Barafu mwenyewe. Akatia mrija mdomoni, akapiga funda.

Ubaridi ukashuka kwenye koo la Bwana Barafu.

"Wewe... nani?" Sauti ilitoka nusu.

Mwanamke akapiga funda la pili. Bwana Barafu akataka kusema toka. Ikatoka pumzi tupu, inanukia mnanaa.

Funda la tatu likafika chini. Mrija ukakoroma katikati ya barafu. Krrr... krrr... Na kila ulipokoroma, kitu kilinyofoka kooni mwake, mpaka pakabaki kimya.

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa.

"Ni mimi," alisema mkewe kutoka nje. "Nimekuja na dada."

Bwana Barafu aliruka, akaangusha kiti, akafika kwenye ufunguo. Kabla hajauzungusha, kiganja chenye maji kikamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vikafa ganzi palepale, juu ya chuma. Akapiga ubao wa mlango kwa mkono wa pili, na wa pili nao ukashikwa.

Mwanamke akasogeza mdomo kwenye mlango. Iliyotoka ilikuwa sauti ya Bwana Barafu, ile tamu ya baa.

"Nani huyo? Mke wangu yuko ndani, tunakunywa."

Nje, shemeji yake akacheka kidogo. Alisikika akimwambia mdogo wake kwamba alimwonya tangu asubuhi, mtu huyo habadiliki. Lakini mkewe akagonga tena, taratibu, kama anayegonga chumba cha mgonjwa.

"Fungua tu nikuone," akasema. "Nikikuona nitaamini."

Bwana Barafu akaachama mpaka taya likauma. Machozi yakamtoka. Sauti yake ikajibu pembeni ya sikio lake:

"Usinichoshe, mama. Kagonge kwingine."

Zikasikika nyayo za watu wawili zikiondoka, mmoja akiburuta miguu. Mkono wenye maji ulipomwachia, taa nyekundu za teksi zilikuwa zinakata kona.

Alipenya pengo la ukuta mbio, akamkuta Bibi Cherehani bado anashona. Akanyakua chaki yake, akaandika juu ya kitambaa: NI NANI YULE?

Bibi akasoma. Akatoa pini mdomoni, moja moja. Akasimulia kwamba mpangaji wa kwanza wa nyumba anayokaa Bwana Barafu alimfungia mkewe nje msimu wa mvua, na mwanamke akagonga siku tatu akiomba akaribishwe, neno hilo moja tu. Mtaa mzima ulisikia. Hata yeye alisikia, ila alikuwa na nguo za harusi za watu. Asubuhi ya nne walimkuta mtaroni. Mnanaa uliota pale baadaye, nani aliupanda hajui, au hakupenda kusema.

Chaki ikakwaruza: MBONA HUKUNIAMBIA?

"Uliomba mnanaa, mwanangu. Hukuomba habari zake."

Akaandika tena: ANATOKAJE?

"Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Amwambie toka, kwa mdomo wake mwenyewe." Bibi alimtazama koo, akacheka kwa pua. "Neno dogo tu."

Kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ikaita, nzuri, yenye bashasha, ambayo wateja wa hoteli walikuwa wakiifuata kutoka mbali.

"Karibu ndani, mume wangu. Barafu inayeyuka."

Bibi Cherehani akavuta kitambaa chake, akaipangusa chaki kwa kiganja mpaka maneno yote yakaisha.

"Haya, nenda. Unaitwa," akasema. "Na hiki ni kitambaa cha mteja."

Mguu wake ukarudi kwenye kanyagio.