Nta ya Mzee Mughwai

Baba yangu mdogo, Anselm, alilitunza gitaa la umeme la bendi ya kijiji chetu, karibu na Itigi, kama ng'ombe wa maziwa. Alifuta nyuzi kila baada ya kupiga. Kuzikaza zipatane sauti hakuhitaji chombo. Masikio yake yalitosha. Bendi za hadi Manyoni zilimwita. Masikio hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba.

Asubuhi ya Saba Saba, mwaka 1974, gitaa lilianza kupiga mluzi. Anselm alifungua kinasa sauti kilichokaa chini ya nyuzi. Waya mwembamba uliozungushwa ndani yake ulikuwa umelegea.

"Unatikisika," alisema. "Ukizamishwa kwenye nta ya moto, utatulia."

Nyumbani nta ilikuwa imekwisha. Akaenda kwenye mahame ya Mzee Mughwai, mrina asali aliyekataa kuhamia kijijini, akafa huko peke yake wiki mbili kabla. Mzinga wake ulikuwa bado mtini. Anselm alirudi na donge la nta.

Mkewe, mama mdogo Magdalena, alisimama mlangoni.

"Baba Marko, nyuki wa Mughwai wameambiwa?"

"Waambiwe nini?"

"Kwamba mwenyewe amekufa. Kabla ya hapo nta yake haionjeshwi moto. Unajua. Mwenyewe huifuata."

Anselm akacheka. "Ningewaandikia barua, ila hawana sanduku la posta."

Akaiyeyusha. Akauzamisha waya. Akafunga nyuzi mpya, akazishusha kidogo zisiumize vidole, akapiga. Sauti ilitoka safi kama maji ya mtungi.

Mama mdogo hakuingia jikoni siku hiyo.

Saa tisa mchana bendi ilipanda jukwaani. Yaliyofuata nilisimuliwa na Gaspari, mwimbaji. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wa pili, Anselm alimwinamia.

"Nyuki hawa wametoka wapi?"

"Nyuki gani?"

Anselm akazima amplifaya. Akachomoa waya. Akazibana nyuzi kwa kiganja.

"Bado," alinong'ona.

Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wanacheka.

"Gaspari. Nani ananishika masikio?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Gaspari alimwita. Akamwita tena. Anselm hakugeuka.

Zahanati walimtoa nta masikioni, donge kila upande. Ilikuwa nta ya nyuki, yenye harufu ya moshi wa mrina. Kila donge lilikuwa na alama ya dole gumba la kulia, lenye kovu lililolipasua katikati. Mzee Mughwai alijikata dole hilo ujanani, akichonga mzinga.

Kesho yake mama mdogo alikwenda kuwaambia nyuki. Alikuta wamehama.

Anselm hakusikia tena. Gitaa alilipiga mwingine, bila tatizo.

Madonge yale ninayo mimi, ndani ya kiberiti. Mwezi uliopita niliyaweka motoni, nimalize mambo haya. Yaliyeyuka yote mawili, yakawa maji.

Yalipoganda, kovu lilikuwa pale.