Mchezo wa Kisima cha Maneno

Harufu ya tope la bwawa ilianza siku Mwalimu Pyo Gyeong-a alipofungua mchezo ule kwenye kompyuta za darasa la pili. Alidhani ni soksi za watoto zilizolowa mvua ya Julai. Akafungua madirisha. Harufu ikazidi.

Alikuwa amepewa kazi ya kuukagua, aseme kama unawafaa watoto wa shule yao pale mjini Gunsan. Katika mchezo, msichana mdogo yuko chini ya kisima. Mtoto akiandika neno bila kosa, kamba inamvuta juu kidogo. Kila mtoto alikuwa na kompyuta yake, lakini kisima kilikuwa kimoja. Hakuna damu, hakuna tusi. Na watoto waliokuwa wakikosea hata majina ya mama zao sasa waliandika vizuri ajabu.

Ila kila mara msichana huyo alipopanda, sakafu ililowa, na spika zilizozimwa zilihema kama mtu aliyechoka.

"Naibu, mchezo huu haufai," alimwambia Bang Deok-jae, naibu mwalimu mkuu.

"Kwa sababu gani?"

"Unanuka."

Bang akacheka mpaka chai ya shayiri ikammwagikia. "Unanuka! Nikamwambie mkuu hivyo? Wazazi wanashangilia, alama zimepanda, wewe unaniletea habari za pua!"

Mwalimu Pyo akatoka na hasira ya kutaka kulia. Akampigia simu shangazi yake, mganga wa mizuka kisiwani Jindo, akamsimulia yote.

"Huyo alizama, mwanangu," shangazi akanong'ona. "Hatoki mpaka apate wa kukaa mahali pake. Msimvute!"

Kesho yake akawaambia watoto jambo ambalo hakuwahi kulitamka tangu aanze kufundisha. "Wanangu, leo koseeni. Kila neno. Tafadhali."

Wakakosea kwa vicheko, na msichana akateremka, akateremka, kuhema kule kukageuka kilio, mpaka mlango ukafunguliwa.

"Yaani unawafundisha ujinga?" Bang alifoka.

Akamsukuma kando, akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kuandika mwenyewe, neno baada ya neno, bila kosa hata moja, huku Mwalimu Pyo akimvuta mkono na kumsihi, "Acha, Naibu, nakuomba, acha!" na maji baridi yakiwafika vifundoni na watoto wakipanda juu ya viti wakilia, mpaka mkono mweupe ukashika ukingo wa kisima.

Skrini zote zikazimika. Zilipowaka, chini kabisa ya kisima alisimama mtu mwenye miwani na tai, akipiga ukuta kwa ngumi, mdomo ukiita jina la Mwalimu Pyo bila sauti.

Bang aliyeketi kitini akageuka taratibu. Miwani yake ilikuwa na ukungu, na maji yalimchuruzika mikononi mwa shati. Akamtazama kwa haya, akauliza kwa sauti ya mtoto wa kike:

"Mwalimu, mimi nikae wapi?"