Uchawi Uliopunguzwa Makali

Siku walipokutana, duka la chapa lilikuwa limefurika. Wenye fomu, wenye kadi za harusi, wenye picha za pasipoti, wote wakimwita binti mmoja wa kompyuta, "Dada! Dada!" Kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi upande mmoja akasukumwa na mama mwenye haraka zake. Mfuko ukapasuka, dadu zikamwagika sakafuni, nyekundu, kijani, nyingine zenye pande ishirini.

Binti akapiga magoti kumsaidia kuokota. "Kaka, hizi za kamari?"

"Za uchawi."

"Basi zikae mbali nami, bado sijaolewa."

Kijana alicheka mpaka foleni nzima ikamgeukia. Mapenzi yakaanzia hapo.

Wenzake walimwita Dadu. Alikuwa akitunga mchezo wa mezani: mmoja anasimulia, wengine wanakuwa mashujaa, na dadu zinaamua nani apone. Kazi yake hasa ilikuwa kubuni uchawi: unafanya nini, unatumika mara ngapi. Kila Jumamosi mchana binti alikaa mezani kwao kama mganga, na uchawi wake ulikuwa mmoja tu, Pumzi ya Pili, wa kumwinua aliyeanguka vitani. Waliutunga wawili, kwenye simu.

"Mganga wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe na mazimwi yako je?"

Miezi mitano ikapita hivyo, tamu. Kisha Ijumaa moja toleo jipya la kitabu cha kanuni za mchezo likaletwa dukani ili binti apange kurasa. Saa nane mchana mashine iwashwe.

Ukurasa wa arobaini akausoma mara mbili. Pumzi ya Pili, iliyotumika mara tatu kwa kila pambano, sasa ilikuwa mara moja kwa mchezo mzima. Na katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi iliyosahaulika, yenye mwandiko wa Dadu: "Mganga. Jumamosi kumi na nane. Anaokoa kila mtu, hata msaliti. Hajui kuacha. Azuiwe."

Jumamosi kumi na nane! Kumbe yeye akicheka, mwenzake alikuwa anaandika.

Akapiga simu.

"Haloo, mpenzi."

"Ulikuwa unanipenda au unanipima?"

"Umeiona karatasi."

"Nijibu."

"Nilipima uchawi. Watu wanalalamika, mezani hakuna anayeogopa kufa tena..."

"Umeandika mganga azuiwe."

"Mganga wa kwenye mchezo!"

"Na huyo ni nani kama si mimi?" Akakata.

Shangazi yake, mwenye duka, akachungulia na miwani yake puani. "Mwanangu, wino tayari. Hasira zako ziweke kabatini."

"Bado ukurasa mmoja, Shangazi."

Saa saba na nusu Dadu akaingia anahema, jasho limemlowesha kola. Akamwaga karatasi za daftari lake mezani. "Tazama. Shujaa wa upanga ana karatasi yake. Mwizi ana yake. Kila mchezaji anaandikwa. Uchawi usiopimwa unaharibu meza."

"Wao walijua?"

"Walijua."

"Na mimi?"

Dadu akatazama viatu vyake. "Niliogopa ukijua utacheza kwa kujibana. Halafu nikaogopa hutakuja tena."

"Ukaona unifungie mlango kimyakimya." Binti hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Dadu zaidi. "Unajua kwa nini nilimwokoa yule msaliti?"

"Una huruma."

"Huruma gani! Kuokoa kulikuwa bure. Ningemwokoa hata mbu. Kosa lako si mara ngapi. Hukuweka gharama."

Dadu akachukua kalamu.

"Anayempa mwenzake pumzi, akatwe nusu ya uhai wake," binti akasema, "na usirudi mpaka vita viishe. Halafu acha aokoe mara anazotaka. Uone kama nitamgusa msaliti."

Dadu akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akahesabu tena. "Nusu nzima? Waganga watalia."

"Walie. Mimi ndiye mganga, nimekubali."

"Dakika kumi!" Shangazi akafoka kutoka nyuma.

Binti akageukia kompyuta, akaandika. Dadu akasoma begani kwake, neno kwa neno, kisha akasema polepole, "Ukurasa wa kwanza una jina la mbunifu mmoja tu. Ongeza jina lako."

"Hilo halifuti ulichofanya."

"Najua. Liongeze tu."

Akaliongeza. Mashine ikanguruma, sakafu ikatetema. Dadu akasogea karibu, hana uhakika kama anaruhusiwa. "Kesho utakuja mezani?"

"Siji. Kesho mchana wewe ndiye unakuja kwetu. Mama atakukalisha sebuleni akuulize kila kitu, kazi yako, ndugu zako, nia yako kwangu. Utapimwa, Dadu." Akamtengeneza kola iliyolowa. "Na mimi nimekuambia mapema."