Aliyegonga Mlango wa Stoo

Jioni ile nilitumwa divai. Dada yangu Kaliopi alikuwa ameshuka melini kutoka Pirea, bandari ya Athene, mchana wa siku hiyo, na kabla hata hajavua viatu akaniuliza kama nimenunua divai nyekundu ya kuoshea mifupa ya mama. Sikuwa nimenunua. Nikachukua chupa mbili tupu nikateremka bandarini, jua likizama.

Kisiwa chetu ni kidogo, na makaburi yetu ni finyu zaidi. Mtu hulazwa miaka mitatu, kisha nduguze humfukua, huiosha mifupa kwa divai, huitia kwenye sanduku la mbao lenye jina lake, na shimo hupewa mwingine. Mama yetu Evanthia alikuwa amefikisha miaka mitatu na miezi kumi. Nilikuwa nimeahirisha mara mbili. Kwa Kaliopi nilisingizia msimu, nikasingizia wageni.

Nilikuwa naogopa.

Kwetu kila mtu analijua hili. Aliyelala kwa amani, udongo humpokea, hubaki mifupa ya njano, safi. Lakini aliyekufa na kinyongo, yule anayeinuka na kutembea baada ya kufa, udongo humkataa. Miaka mitatu baadaye hukutwa vilevile, na ngozi yake, na kucha zake... Kijiji kizima huanza kuulizana nani alimkosea.

Mimi nilikuwa namjua aliyemkosea.

Nikiwa napanda ngazi za kijiji na divai yangu, nikasikia sauti nyuma.

"Bwana Sideri? Umenisahau?"

Alikuwa Marijke, mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, begi mgongoni. Alishawahi kukaa kwangu siku tisa, kiangazi kile cha mwisho cha mama. Alipenda ufuo wetu wa kokoto nyeupe, monasteri iliyo juu ya mwamba, na zaidi ya yote ule ukimya. Kigiriki alijifunza darasani, akakimalizia kwa bibi zetu mlangoni.

"Chumba changu kipo? Kile cha juu, cha dirisha la bahari?"

"Kipo," nikasema.

Chumba chake! Kilikuwa chumba cha mama. Alituzalia humo sisi wote wawili. Lakini wageni walikitaka hicho hicho, basi kila Juni nilimteremsha mama stoo, chini ya ngazi, nikamtandikia godoro kati ya madebe ya mafuta na vitunguu. Wengi hapa hufanya hivyo msimu ukifika, watu hulala hata jikoni. Ila wao ni wazima. Mama alikuwa na miaka sabini na tisa na moyo mbovu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mwenyeji aliugulia stoo.

Kila asubuhi aliniuliza, "Wameondoka?"

"Bado, mama. Vumilia kidogo."

Usiku ulipoingia nilimwandalia Marijke jibini na tini pale barazani. Kaliopi alikuwa jikoni akichemsha ngano ya marehemu, ile inayogawiwa watu makaburini.

"Mama yako hajambo?" Marijke akauliza.

"Alifariki. Kesho tunamfukua."

"Oh. Pole sana. Nilimpenda. Ile siku naondoka aliniaga vizuri sana."

Nikaweka sahani chini.

"Hakukuaga," nikasema. "Mama alikuwa... amelala siku ile."

"Hapana, alikuwa macho. Alikuwa anagonga mlango wa stoo kwa ndani. Mara tatu, anapumzika. Mara tatu, anapumzika. Komeo limefungwa kwa nje. Nikajua ni watoto wa jirani wamemchezea. Nikamfungulia."

"Saa ngapi?"

Nilinong'ona. Sikutaka Kaliopi asikie.

"Saa tisa. Wewe ulikuwa umewapeleka wale Wafaransa monasteri."

Saa tisa alasiri.

Sasa niseme, maana nikiruka hapa hadithi yote ni ya bure. Asubuhi ya siku ile, saa moja na nusu, nilimpelekea mama kahawa. Hakuitika. Mikono ilikuwa ya baridi. Nikamwita mara mbili, nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa chake kama inavyofanywa. Juu yangu nilisikia viti vikivutwa, wageni wanakuja kunywa chai. Nikafikiri: nikimwambia padri, kengele italia, wanawake watajaa nyumbani na nguo nyeusi na vilio, ilhali wageni wangu wote wanaondoka leo leo kwa meli ya saa kumi na moja. Ni saa chache tu. Mama mwenyewe angeelewa.

Nikatoka, nikafunga komeo kwa nje ili mgeni asije akakosea mlango.

Sikumwita daktari. Sikumwekea kioo puani. Sikuweka sikio kifuani kwake. Nilikuwa na mayai motoni.

Kutoka monasteri niliwapeleka Wafaransa moja kwa moja bandarini; meli ilipong'oa nanga nilirudi nyumbani mbio. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Godoro tupu. Nilimkuta juu, kitandani kwake, amelala katika mashuka aliyoyaacha Marijke, kitambaa bado kidevuni, mikono kifuani. Nikapiga yowe, majirani wakaja, nikawaambia amefia kitandani kwake sasa hivi. Wakasifu kifo chema. Bibi Stamatia, aliyemwosha, alisema kwapani bado ana vuguvugu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini Bibi Stamatia hakuambiwa cha kujua. Nami nikajiambia ni joto la Agosti.

Tangu siku ile niliamini kwamba mama aliinuka akiwa maiti. Niliamini, na nilikuwa namwogopa.

"Alisema nini?" nilimuuliza Marijke.

"Alisema kwa taabu. Alikuwa amejifunga kitambaa hapa," akagusa kidevu chake, "nikadhani jino linamsumbua. Mkono wake... ulikuwa wa baridi kweli. Akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia saa kumi na moja. Akasema basi atasubiri. Akakaa pale kwenye ngazi, ametulia, kama mtu anayesubiri zamu yake. Nikamletea maji."

"Aliyanywa?"

"Sikumbuki."

"Jaribu kukumbuka. Aliyanywa?"

"Bwana Sideri, nilikuwa nafunga begi. Niliiacha glasi karibu naye." Akanitazama. "Kwani alifariki lini?"

"Kiangazi kile kile," nikasema, nikaondoa sahani.

Sikulala. Maiti hanywi maji, kama kweli aliyanywa, na maiti hana vuguvugu kwapani jioni kama amekufa asubuhi. Lakini mzima gani hujiacha na kitambaa cha maiti kidevuni? Nilizunguka na maswali hayo mpaka nikashuka, nikasimama mlangoni pa stoo, sikio kwenye ubao. Harufu ya vitunguu... kimya. Miaka yote nilikuwa natetemeka mlango ule usije ukagongwa. Usiku ule nilitamani ugongwe.

Kisha nikapiga magoti nikaomba dua ambayo sijawahi kumwambia mtu. Niliomba kesho tumkute hajaoza. Tumkute na ngozi yake na kucha zake, watu wakimbie, padri asome sala za kumtuliza, kijiji kinioneshe kidole mpaka nife. Kwa sababu kama aliinuka akiwa maiti, basi asubuhi ile alikuwa ameshakufa kweli.

Mungu anisamehe, nilimwombea mama yangu awe zimwi.

Asubuhi tulikuwa watu wanane makaburini. Padri Gavrili na chetezo chake. Manoli mchimbaji. Bibi Stamatia na wenzake. Kaliopi alikuwa ameshika shuka jeupe, mimi divai. Jembe likaingia. Likaingia tena. Udongo mkavu, harufu ya ubani, mtu anakohoa.

Jembe likagonga ubao.

"Taratibu, Manoli," Kaliopi akasema, na akashuka mwenyewe.

Sikuthubutu kuangalia. Niliangalia viatu vya padri. Nilisikia mbao zikivunjika, laini, kisha kimya kirefu, na moyo wangu ukaanza kushangilia. Nasema ukweli, ulishangilia.

Kaliopi akatoka shimoni na fuvu mikononi.

Lilikuwa la njano. Safi kabisa, bila uzi wa nyama, bila unywele. Akalibusu kwenye paji, akalilaza kwenye shuka, akarudi kuchukua mifupa mingine, na kila mfupa ulikuwa kama nta. Wanawake wakajifanyia ishara ya msalaba. Wakaanza kulia kwa furaha.

Udongo ulimpokea mama siku ile ile. Hakuwahi kutembea akiwa maiti.

Nikakaa juu ya rundo la udongo. Marijke alikuwa amesimama langoni na kofia yake mkononi. Alisoma tarehe kwenye msalaba uliong'olewa ukaegemezwa hapo, siku ile ile aliyoondoka yeye, akaisoma tena, kisha akaniangalia mimi. Jioni yake alipanda meli.

Bibi Stamatia akanijia, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Lia, mwanangu, lia. Unaona ulivyobarikiwa? Waliotupwa na watoto wao hawatoki hivi. Huyu alikufa akiwa ametunzwa. Nitawaambia wanangu wote wanaokaa Athene: muoneni Sideri."

Kaliopi alinigeukia, macho yamejaa shukrani. Watu saba walikuwa wanasubiri niseme kitu, na mdomo wangu ulikuwa wazi.

"Asante, bibi," nikasema, nikamjazia kiganja ngano.