Uso wa Dakika ya Kumi na Tisa

Kabati la studio lilikuwa wazi, kufuli halijavunjwa, na diski tatu hazikuwepo. Moja ilibeba filamu ya kufichua kundi la dini la Waumini wa Mlango, ya pili nakala yake, ya tatu picha za miaka ishirini iliyopita ambazo hazipatikani kwingine. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Filamu ilitangazwa kurushwa Ijumaa.

"Ni wao!" mtayarishaji wa filamu alifoka. "Walituandikia barua za vitisho. Unangoja nini, Inspekta?"

Inspekta hakungoja. Siku mbili alibisha hodi kwenye nyumba za waumini waliobaki. Wa kwanza alimwombea. Wa pili alimfungia mlango. Bibi mmoja alimcheka waziwazi.

"Mwanangu, sisi televisheni hatuitazami. Hiyo diski nitaijuaje? Ina umbo la sahani?"

Jumatano alirudi studio, soli ya kiatu imeachia, mkuu wake akimpigia simu kila saa. Alama za vidole kabatini zilikuwa za wafanyakazi tu. Bure tupu. Akaomba kumbukumbu ya mashine ya kuhariri, ambayo haihifadhi filamu yenyewe ila huandika kila badiliko na jina la aliyelifanya.

Dakika ya kumi na tisa ya filamu ilimvuta macho. Uso mmoja umetiwa ukungu mara tisa. Ukungu umeondolewa mara tisa.

"Nani alitia?"

"Mhariri wangu," alisema mtayarishaji.

"Nani aliondoa?"

"Mimi. Yule mama ndiye filamu yenyewe! Kashikilia mlango wa nyumba ya maombi, mtoto anakufa ndani, baba yake anagonga nje ampeleke hospitali."

"Na hukuniambia mlikuwa mkigombania uso huo?"

"Hukuuliza."

Inspekta alisaga meno. Siku mbili nzima!

Mhariri alikuja kuhojiwa bila wakili. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono imetulia mezani.

"Mtoto aliyekufa ni nani kwako?"

"Mdogo wangu."

"Na aliyeshika mlango?"

"Mama."

"Yuko hai?"

"Namwogesha kila asubuhi kabla ya kazi. Jina langu limemtoka. La mdogo wangu bado analiita. Ijumaa mtaa mzima ungejaa dirishani kwetu kumwita muuaji. Mimi nimemwita hivyo tangu nina miaka tisa. Inamtosha."

"Kwa nini hukumwambia bosi wako ni mama yako?"

"Angenitaka nami mbele ya kamera."

Inspekta aliliandika jibu hilo. Hilo aliliamini.

"Diski ziko wapi?"

"Nilizipiga nyundo, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Vipande viko jalalani."

Inspekta alisukuma kiti nyuma, akasimama. Kesi imekwisha na hakuna cha kumrudishia mtu.

"Wazazi kumi na mmoja walikaa mbele ya kamera yenu, dada. Nao walizika watoto waliofia kwenye nyumba hiyo ya maombi. Wamengoja miaka ishirini wasikilizwe, na wewe umewavunjia vilio vyao kwa nyundo. Nitawapigia simu jioni hii. Niwaambie unaomba radhi?"

"Hapana."

"Hata wao?"

"Hata wao." Akavuta karatasi ya maelezo, akaisogeza mbele ya Inspekta. "Andika hivyo hivyo. Siombi radhi."